Nani Alipie Dakika za Dereva? Usafiri wa Watu Wenye Ulemavu Mbeya na Iringa

Kituoni Kabwe jijini Mbeya, au Miyomboni mjini Iringa, abiria mwenye kiti mwendo anaweza kupata majibu matatu ndani ya nusu saa. Konda wa kwanza anashuka, anauliza amshike wapi, anakunja kiti na kukipenyeza nyuma ya siti bila kudai senti. Wa pili anadai nauli ya kiti kama mzigo. Wa tatu anagonga bodi na gari linaondoka.

Ubishi huanzia hapo. Wapo wanaosema sheria inamlazimisha dereva kumpakia kila mtu. Wapo wanaosema ni suala la utu tu, halina sheria. Wengine wanaamini zipo bajaji za walemavu, na kwamba hizo ndizo zenye jukumu la kuwabeba walemavu. Wengine wanailaumu halmashauri kwa kutonunua magari maalumu. Kila upande una chembe ya ukweli, na ndiyo maana ubishi hauishi.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba maswali matatu yamefungwa pamoja. La kwanza ni haki ya abiria, la pili ni chombo kinachofaa, na la tatu ni kipato cha dereva. Mijadala yetu hukaa kwenye mawili ya kwanza. Uchambuzi huu unashikilia kwamba la tatu ndilo linaloamua kama mawili ya mwanzo yatatekelezeka.

Tulikotoka

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 ulikadiria kuwa watu wenye ulemavu ni asilimia 7.8 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilitaja asilimia 11.2 kwa kundi hilohilo la umri. Ongezeko hilo halitokani na ajali na maradhi peke yake, kwani namna ya kuuliza maswali ya ulemavu hubadilisha hesabu. Hata hivyo, kwa hesabu yoyote ile, si abiria wa nadra.

Serikali haikukaa kimya. Sera ya Taifa ya Maendeleo na Huduma kwa Watu Wenye Ulemavu ilitoka mwaka 2004. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inahusu ufikivu na ya 20 inahusu mtu kwenda atakako, uliridhiwa na Tanzania mwaka 2009. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Sheria hiyo inakataza ubaguzi, inatamka haki ya mazingira yasiyo na vikwazo, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 kuhakikisha asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu.

Kwa hiyo anayesema hakuna sheria amekosea. Lakini anayesema sheria imemaliza kila kitu naye amekosea. Sheria inazungumzia haki kwa ujumla, na sehemu kubwa ya maisha ya abiria huamuliwa na vyombo vingine. Nauli, leseni na njia za daladala zipo chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Vituo, stendi na maegesho ni vya halmashauri. Mwenendo wa dereva barabarani unasimamiwa na askari wa usalama barabarani. Abiria aliyeachwa kituoni anajiuliza ampelekee nani malalamiko, na mara nyingi jibu analopewa ni kwamba aende ofisi nyingine.

Magari yenyewe hayakutengenezwa kwa ajili yake. Daladala nyingi za miji hii ni Haisi zilizokuja mtumba kutoka Japani: mlango wa kuteleza, ngazi ndefu, siti zilizobanana. Bajaji na bodaboda ziliongezeka baadaye, na kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria zikatungwa mwaka 2010. Bajaji ikabadilisha mambo kwa namna ambayo haikupangwa na mtu yeyote: sakafu yake ipo chini, ubavu wake upo wazi, na inaingia mitaani hadi mlangoni. Kwa mtu anayehama kutoka kiti mwendo kwenda kwenye siti, tofauti kati ya ngazi ya Haisi na sakafu ya bajaji ni tofauti kati ya kunyanyuliwa na kujihamisha mwenyewe.

Halafu kuna ardhi. Mbeya imekaa takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, chini ya safu ya Loleza, na mitaa kama Isanga imepanda mlimani. Iringa imekaa juu ya uwanda, na anayetoka Ipogolo, pembeni mwa Ruaha Mdogo, hana budi kupanda kilima kuingia mjini. Mvua za Novemba hadi Aprili hugeuza njia za mitaani kuwa matope. Kandokando ya lami kuna mitaro mirefu inayovukwa kwa vibao au vidaraja vyembamba. Mtu anaweza kuwa na kiti mwendo kizuri kabisa na bado asifike kituoni.

Hesabu ya jioni

Ili kuelewa kwa nini konda wa tatu aligonga bodi, tuangalie gari linavyofanya kazi. Mara nyingi gari si la dereva. Tajiri humkabidhi kwa makubaliano ya hesabu, yaani kiasi fulani kila jioni, iwe mvua iwe jua. Mafuta ni ya dereva, na kinachobaki baada ya hapo ndicho chake yeye na konda. Kwenye bajaji mambo ni yaleyale, au dereva anachukua chombo kwa mkataba, akilipa kidogokidogo kwa mwaka au zaidi mpaka kiwe mali yake. Anayeshindwa kufikisha hesabu mara kadhaa hunyang'anywa chombo, na deiwaka, yaani dereva wa kibarua, yupo pembeni anasubiri.

Dereva wa namna hii anauza tripu. Kila dakika aliyosimama kituoni ni dakika ambayo gari la nyuma yake linampita na kuokota vichwa vya kituo kinachofuata. Abiria wa kiti mwendo anahitaji dakika za kupanda, nafasi ya kiti ambayo ingekaliwa na abiria mmoja au wawili, na dakika za kushuka, tena penye upana wa kutosha na pasipo na mtaro. Tuchukulie ni dakika tano kupanda na tano kushuka. Kwenye njia ya Mwanjelwa hadi Uyole saa moja asubuhi, dakika kumi zinatosha kumpotezea dereva nafasi yake kwenye foleni. Nauli ya abiria huyo ni ileile ya mwingine yeyote. Dereva anayempakia anatoa msaada kutoka mfukoni mwake, na anaombwa autoe kila siku.

Sisemi haya kuwatetea wanaowaacha watu kwenye mvua. Nayasema kwa sababu kampeni zinazomhubiria dereva awe na moyo bila kugusa hesabu ya jioni zimemwomba mtu maskini agharimie haki ambayo taifa zima limeitamka.

Kazi yenyewe pia inahitaji ujuzi, na ujuzi huo hutofautiana kwa kila abiria. Mwenye kiti mwendo anaulizwa kwanza jinsi anavyopenda kusaidiwa, breki za kiti zinafungwa kabla hajasogezwa, na anayemnyanyua hutumia nguvu za magoti, la sivyo dereva mwenyewe ataharibu mgongo. Asiyeona havutwi kwa fimbo yake. Yeye ndiye anayeshika kiwiko cha anayemwongoza. Haoni rangi ubavuni mwa gari wala kibao cha njia, hivyo anategemea sauti ya mpiga debe na uaminifu wa konda katika chenji na mahali pa kushuka. Kumshusha hatua ishirini kabla ya kituo kunaweza kumweka ukingoni mwa mtaro. Kiziwi hapotezi hata sekunde moja ya kupanda, lakini hasikii kituo kikitajwa, na mara nyingi hupitilizwa. Anachohitaji ni konda anayekumbuka kumgusa bega. Mtu mwenye ulemavu wa akili anahitaji subira na dereva asiyeruhusu abiria wengine wamfanye kichekesho. Kwa mtu mwenye ualbino, katika nchi iliyoshuhudia mauaji ya watu wenye ualbino miaka ya 2000, kupanda bodaboda usiku na dereva asiyemjua ni suala la uhai.

Abiria naye ana hesabu yake, na hiyo huzungumzwa kwa nadra. Akiwa na msindikizaji analipa nauli mbili. Akidaiwa nauli ya kiti zinakuwa tatu. Akichoka kuachwa anakodi bajaji nzima, wakati jirani yake analipia siti moja kwenye bajaji ileile inayopita njia. Akishindwa hayo yote anapanda bodaboda, ambayo kwa mtu asiye na nguvu ya kiwiliwili ni hatari tupu, na msindikizaji akikaa nyuma yake inakuwa mishikaki, ambayo askari wana haki ya kuikamata. Mtoto anayetakiwa kufanya mazoezi ya viungo hospitalini kila wiki, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, anaishia kuhudhuria kwa kurukaruka, kisha mama analaumiwa kwa uzembe.

Msimamo wa kwanza: sheria ibane

Kundi la kwanza linataka amri. LATRA iweke sharti kwenye leseni, dereva anayemwacha mtu mwenye ulemavu apigwe faini, kiti mwendo kisitozwe nauli, na ikiwezekana nauli yao ipunguzwe.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unaanzia kwenye haki. Abiria hasubiri huruma ya mtu. Amri moja ndani yake ni ya haraka na haina gharama kubwa: kutangaza wazi, kwa maandishi yanayobandikwa ndani ya gari pamoja na bango la nauli, kwamba kiti mwendo, magongo na fimbo nyeupe si mizigo. Hilo halihitaji kusubiri bajeti yoyote.

Udhaifu wake tunaujua kutokana na wanafunzi. Kwa miaka mingi nauli ya mwanafunzi kwenye daladala imekuwa shilingi 200, na kila mtu aliyewahi kusimama kituoni asubuhi ameona matokeo yake. Konda anawazuia mlangoni, anachukua wawili, anawaacha kumi. Askari akiwepo wanapanda. Akiondoka, mambo yanarudi palepale. Nauli nafuu ilitolewa kwa jina la taifa, ikalipwa na dereva peke yake, naye akatafuta njia ya kutoilipa. Tukimpa mtu mwenye ulemavu nauli nafuu kwa utaratibu huo, tutamfanya kuwa mwanafunzi wa pili mlangoni pa daladala, naye hawezi kukimbilia gari linalofuata.

Kenya inatoa somo la upande wa chombo. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 kiliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe yafae watu wenye ulemavu, na magari yaliyokuwapo yakapewa miaka miwili. Miaka iliyofuata matatu, yaani daladala za huko, ziliendelea kuwa vilevile. Sheria haikusema nani atalipia mlango mpana au siti zitakazoondolewa, na mwenye gari hakuona sababu ya kutoa siti inayomwingizia fedha kila siku.

Msimamo wa pili: magari maalumu

Kundi la pili linasema tuachane na daladala; halmashauri au wafadhili wanunue magari yenye kinyanyulio, yenye madereva wa mshahara, yanayompitia mtu nyumbani kwa miadi.

Mfano mkubwa zaidi upo Marekani. Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990 inaitaka kila mamlaka yenye mabasi ya njia maalumu itoe pia huduma ya mlangoni kwa wasioweza kutumia mabasi hayo, ndani ya robo tatu ya maili kutoka njiani, kwa nauli isiyozidi mara mbili ya nauli ya basi. Dereva wa huduma hiyo ni mwajiriwa. Halipwi kwa idadi ya vichwa, hivyo dakika tano za kufunga mikanda ya kiti mwendo ni sehemu ya kazi yake. Cape Town nayo ina huduma kama hiyo inayoendeshwa na jiji.

Huduma hizo zimebadilisha maisha ya watu wengi. Lakini hata kwenye nchi tajiri zinalalamikiwa kwa mambo yaleyale: kuweka miadi mapema, gari kuchelewa, safari ndefu kwa sababu linapitia watu wengi, na gharama ya kila safari ambayo ni mara nyingi zaidi ya ile ya basi. Cape Town imelazimika kutanguliza safari za kazini kwa kuwa wanaohitaji ni wengi kuliko magari. Halmashauri zetu, ambazo hata gari la wagonjwa likiharibika hulisubiri kwa muda mrefu, hazina sababu ya kujidanganya. Gari la kinyanyulio la mtumba likikatika bomba la mafuta ya kinyanyulio huku Iringa, fundi mwenye kipuri hicho hayupo jirani. Nchi hii ina viwanja vingi vilivyojaa magari ya miradi yaliyokufa baada ya mfadhili kuondoka.

Penye shughuli ya kudumu na watu wanaojulikana, gari maalumu lina mantiki. Iringa ina Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana na kuajiri watu wenye ulemavu. Mbeya ina Child Support Tanzania, inayosomesha watoto wenye ulemavu pamoja na wengine. Sehemu za namna hiyo zina watu walewale, saa zilezile, njia zilezile. Gari moja na dereva mmoja aliyefundishwa wanaweza kuhudumia vizuri. Lakini hilo ni jibu la taasisi. Mama wa Isanga anayekwenda kliniki, sokoni na msibani anabaki palepale.

Msimamo wa tatu: bajaji kwa wenye ulemavu wenyewe

Hapa ndipo mkanganyiko wa "bajaji za walemavu" unapotokea. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sehemu ya mikopo hiyo ya watu wenye ulemavu imenunua bajaji. Uchaguzi huo una sababu za kiufundi. Bajaji huendeshwa kwa usukani wa mikono, klachi na gia vipo mkono wa kushoto, mafuta mkono wa kulia. Kinachodai mguu ni breki, na fundi mzuri anaweza kuihamishia mkononi. Mtu ambaye miguu yake haifanyi kazi anaweza kuwa dereva kamili.

Dar es Salaam ilikwenda hatua zaidi kwa kuwaruhusu madereva wenye ulemavu kuingia na bajaji maeneo ya katikati ya jiji ambako wengine walizuiwa. Mpakani kati ya Goma, mashariki ya Kongo, na Gisenyi ya Rwanda, watu wenye ulemavu walijenga biashara nzima ya kuvusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu kutokana na nafuu waliyopewa. Nafuu ndogo ya kiutawala inaweza kuzalisha ajira bila bajeti kubwa. Huo ni ukweli unaostahili heshima.

Kuna faida nyingine isiyohesabika kwa fedha. Dereva mwenye ulemavu hahitaji kufundishwa kwamba abiria wa magongo ni mtu mwenye haraka zake. Na abiria wa kawaida anayeendeshwa naye kila siku anaacha kumwona mlemavu kama mtu wa kusaidiwa tu.

Lakini tusichanganye ajira ya dereva na usafiri wa abiria. Bajaji iliyonunuliwa kwa mkopo wa asilimia 2 ina marejesho yake, na dereva wake anakimbizana na vichwa kama wengine. Hakuna kitu katika mkopo huo kinachomfunga kumbeba mwenye kiti mwendo, na mwili wake mwenyewe unaweza usimruhusu kumnyanyua mtu. Kumtaka awe ndiye mbebaji wa walemavu wote wa mji ni kumbebesha mzigo ambao madereva wenye miguu miwili wameukwepa. Kwa upande mwingine, kila nafuu huvuta wasiohusika: Dar es Salaam yamekuwapo malalamiko ya watu wasio na ulemavu kuendesha bajaji hizo ili wanufaike na ruhusa. Mikopo yenyewe ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi visivyokuwapo, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mwenye ulemavu aliyekuwa akirejesha kwa uaminifu, au aliyekuwa kwenye foleni, aliumia kwa makosa ya wengine.

Mbeya ina ugumu wake zaidi. Madereva wa daladala wamegoma zaidi ya mara moja wakipinga bajaji kubeba abiria kwenye njia zao. Kila bajaji inayoongezwa, hata ya mtu mwenye ulemavu, inaingia kwenye ugomvi huo. Halmashauri ikitoa mkopo kwa mkono mmoja na kumfukuza mkopaji kituoni kwa mkono wa pili, imemwingiza kwenye deni.

Msimamo wa nne: mlipe dereva aliyepo

Msimamo wa mwisho hausikiki sana, nadhani kwa sababu hauna kitu cha kuzindua kwa kukata utepe. Unasema hivi: bajaji zipo tayari, madereva wapo, wanajua mitaa hadi vichochoro. Kinachokosekana ni malipo ya zile dakika. Wafundishwe wachache kwa kila kata, wasajiliwe, na kila safari ya abiria mwenye ulemavu ilipwe kwa kiwango kinachofidia muda, sehemu ikilipwa na abiria na sehemu na mfuko wa umma.

London inafanya hivyo kwa utaratibu uitwao Taxicard, ambapo serikali za mitaa na mamlaka ya usafiri ya jiji huchangia nauli ya teksi ya mtu mwenye shida kubwa ya kutembea. Teksi nyeusi za jiji hilo, ambazo tangu mwaka 2000 zote zinatakiwa kupokea kiti mwendo, zinamhudumia kila mtu. Mwenye ulemavu ni mteja mmoja kati ya wengi, tena mteja anayelipa vizuri.

Kwetu vyombo vya kuendeshea utaratibu huo vipo. Fedha za simu zinafika kila mtaa, na TASAF imeshazitumia kulipa kaya maskini. Kamati za watu wenye ulemavu zinatakiwa kuwapo kuanzia mtaa hadi halmashauri. Hospitali zina maofisa ustawi wa jamii wanaojua nani ana miadi ya kliniki. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ina vyuo Mbeya na Iringa, na somo la kumsaidia abiria linahitaji siku chache tu.

Udhaifu wake ni wa kweli. Safari hewa zitaandikwa. Madereva wanaweza kupandisha bei wakijua serikali inalipa. Mtu atalazimika kuthibitisha ulemavu wake, jambo linaloumiza wengi, hasa wenye ulemavu usioonekana kwa macho. Na bajaji, pamoja na uzuri wake wote, haimpokei mtu akiwa amekaa kwenye kiti chake, wala haiwezi kubeba kiti kizito cha umeme. Kubwa kuliko yote ni kwamba fedha za ruzuku zikichelewa miezi mitatu, dereva ataacha kupokea simu, na utaratibu utakufa kwa aibu.

Mizani

Misimamo hii minne haiko daraja moja. Amri peke yake inashindwa kwa sababu inamtoza dereva. Magari maalumu yanashindwa kwa sababu ya gharama, isipokuwa kwenye taasisi. Bajaji za mikopo ni sera nzuri ya ajira inayotazamwa kimakosa kama sera ya usafiri. Malipo kwa dereva aliyepo ndiyo njia pekee inayogusa sababu yenyewe, na udhaifu wake mwingi unaweza kupunguzwa kwa kuanza padogo.

Mahali padogo panapofaa ni safari za kliniki. Zina tarehe, zina mahali zinapoanzia na zinapoishia, na hospitali inaweza kuthibitisha kwamba mgonjwa amefika kabla dereva hajalipwa. Safari hewa inakuwa ngumu kuandika. Baada ya hapo ndipo ifikiriwe shule, kisha kazi. Naona ni makosa kuanza na kila kitu kwa kila mtu, kama mipango yetu mingi inavyoanza.

Halafu kuna la barabara, ambalo haliwezi kulipwa kwa tripu. Mbeya inajengewa barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, takribani kilomita 29. Barabara pana kiasi hicho ni ukuta kwa mwenye magongo ikiwa vivuko na vituo vitajengwa kwa mazoea. Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwaka 2016, yalionyesha kwamba jukwaa la kituo likilingana na sakafu ya basi na mlango wa kituo ukiwa na njia ya mteremko, kiti mwendo kinaingia bila mtu kunyanyuliwa. Msongamano ndio uliokuja kuwafukuza abiria hao, si ubunifu wa vituo. Kujenga kituo chenye mteremko wakati zege bado linamwagwa ni rahisi. Kukivunja baadaye ni gharama ambayo hakuna atakayekubali kuilipa.

Kwa hiyo wito ni kwa Halmashauri ya Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa, pamoja na LATRA katika mikoa hiyo miwili. Tangazeni kwa maandishi kwamba kiti mwendo, magongo na fimbo nyeupe havitozwi nauli, na mseme malalamiko yapelekwe ofisi ipi na kwa namba gani. Tengeni, katika bajeti moja tu ya kwanza, fungu la kulipia safari za kliniki kwa madereva wa bajaji waliofundishwa, wakiwemo wenye ulemavu, na lilipwe kila wiki bila kuchelewa. Vyama vya watu wenye ulemavu vilivyo chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, viwe mezani wakati viwango vinapangwa, na vyama vya madereva wa bajaji na daladala vikae upande wa pili wa meza hiyohiyo, kwa sababu hao ndio watakaofika mlangoni pa abiria saa kumi na mbili asubuhi mvua ikinyesha.